UZI: Franco Baresi, kitasa aliyeshuka daraja mara mbili na Milan na bado akabaki

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salamu.

Wiki iliyopita kulikuwa na mabishano hapa jukwaani kuhusu kitasa, yaani beki wa kati, bora wa muda wote. Nilisoma kurasa zote. Yalitajwa majina mengi ya miaka hii, na mengi yanastahili. Kilichoniuma ni kwamba Franco Baresi alitajwa mara moja tu, na hiyo mara moja alitajwa kwa ile penalti aliyoipaisha Pasadena, fainali ya Kombe la Dunia 1994. Mtu kaichezea klabu moja mechi 719, halafu kinachobaki vichwani mwa watu ni shuti moja lililopita juu ya mwamba. Nimeshindwa kunyamaza. Uzi ni mrefu, wekeni vigoda.

Baresi alizaliwa tarehe 8 Mei 1960 Travagliato, mji mdogo wa wakulima karibu na Brescia, kaskazini mwa Italia. Kaka yake Giuseppe, aliyemzidi kama miaka miwili, alichukuliwa na Inter, moja ya klabu mbili kubwa za jiji la Milan. Franco naye akapelekwa huko huko. Wakamtazama, wakaona mwili hamna, wakamwambia arudi baadaye. Hakurudi. Alivuka upande wa pili wa jiji lile lile, akafanya majaribio Milan, na mwaka 1974, akiwa na miaka 14, wakamchukua. Miaka hiyo hiyo ndiyo aliyofiwa na wazazi wote wawili, mama kwanza, kisha baba, kabla hajatimiza miaka 18.

Naomba hilo mlishike, kwa sababu naamini ndilo linaloeleza mengine yote. Kijana asiye na mama wala baba, anayelala kwenye bweni la klabu, hiyo klabu kwake si mwajiri.

Pale Milan wakampa jina la utani, Piscinin, ambalo kwa lahaja ya watu wa Milan ni kama kusema "kadogo". Tarehe 23 Aprili 1978 akaingizwa kikosi cha kwanza dhidi ya Verona, bado ana miaka 17. Msimu uliofuata kocha Nils Liedholm, Mswidi aliyekuwa amewahi kuichezea Milan hiyo hiyo, akamkabidhi nafasi ya libero, yule beki wa mwisho anayefagia nyuma ya wenzake. Fikiria mzigo huo kwa mtoto wa miaka 18 kwenye ligi ya Italia. Msimu ukaisha Milan mabingwa, ubingwa wao wa kumi, ule uliowapa haki ya kushona nyota kwenye jezi. Gianni Rivera, nahodha na mfalme wa pale San Siro, uwanja wa Milan, akastaafu akiwa na kombe mkononi.

Sasa hapo mtu angesema dogo katoboa. Hapo ndipo shida zilipoanza.

Mwaka 1980 Italia ikalipukiwa na kashfa ya kupanga matokeo kwa ajili ya kamari, ile waliyoiita Totonero. Machi mwaka huo polisi walikwenda mpaka viwanjani kukamata wachezaji siku ya mechi. Rais wa Milan, Felice Colombo, akafungiwa. Kipa Enrico Albertosi, aliyedaka fainali ya Kombe la Dunia 1970, akafungiwa. Milan ilikuwa imemaliza ya tatu kwenye ligi, ikashushwa kwenda Serie B, daraja la pili, kwa hukumu. Kwa mara ya kwanza katika historia yake. Baresi hakuwa na doa lolote kwenye lile sakata, lakini adhabu aliibeba kama wengine: mechi za Serie B, viwanja vidogo.

Wakapanda baada ya msimu mmoja. Msimu wa 1981-82 yeye akaugua ugonjwa wa damu uliomweka nje miezi kadhaa, na timu ikayumba bila yeye. Siku ya mwisho wakaenda Cesena, wakawa nyuma kwa mabao mawili, wakapindua, wakashinda 3-2. Kwa dakika kadhaa walikuwa wamejiokoa. Kisha habari zikaja kutoka Napoli kwamba Genoa imesawazisha mwishoni, 2-2, na pointi hiyo ikaitosha. Milan ikashuka tena, safari hii kwa miguu yake yenyewe.

Na hapa kuna kitu ambacho sijui mchezaji mwingine kilichompata. Majira hayo hayo ya joto mwaka 1982, Baresi alikuwa Hispania na timu ya taifa. Kocha wa Italia, Enzo Bearzot, alimchukua, hakumchezesha hata dakika moja, na Italia ikawa bingwa wa dunia. Kwa hiyo ndani ya miezi michache huyu bwana kashuka daraja na klabu, kapata medali ya dhahabu ya Kombe la Dunia, kisha Septemba anarudi kucheza Serie B. Akiwa na miaka 22 wakamvalisha kitambaa cha unahodha. Mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa, Desemba 1982 dhidi ya Romania pale Florence, aliicheza akiwa mchezaji wa daraja la pili.

Bingwa wa dunia, miaka 22, beki wa timu ya taifa: mlango gani ungefungwa mbele yake? Akabaki.

Naendelea kesho, nikipata nafasi hata leo usiku.

#2 – Mchangiaji, Tanga

Mkuu shusha nondo, nimekaa mkao wa kula. Mimi nimezaliwa 1996, huyu kwangu ni jina la kwenye video za zamani tu. Ila niulize kwa heshima: si Maldini ndiye aliyekuwa mkubwa pale Milan? Ana mechi nyingi kuliko huyo, ana makombe mengi zaidi.

#3 – Mleta uzi

Kaka, Maldini simgusi, ni jabali. Ila Maldini alipoanza 1985 alimkuta Baresi tayari ni nahodha, na akacheza pembeni yake karibu miaka kumi na miwili akijifunza. Mabingwa hawa wawili hawashindani. Mmoja alimlea mwenzake. Ndiyo maana Baresi alipoondoka, kitambaa kilikwenda kwa Maldini.

Tuje kwenye kile hasa nilichotaka kuandika. Mkono.

Ukitazama mechi yoyote ya Milan ya mwishoni mwa miaka ya themanini, utamwona mtu mfupi kiasi, nywele zimeshaanza kupungua mbele, jezi imetoka nje ya bukta, anakimbia KWENDA mbele wakati timu pinzani ina mpira. Anatoka golini, anakimbia kuelekea katikati ya uwanja, na mkono mmoja uko juu hewani. Nyuma yake straika wa upinzani kabaki peke yake, anapokea mpira, anageuka, na kibendera kiko juu: kaotea.

Huo haukuwa ujanja wa mtu mmoja. Mwaka 1987 Silvio Berlusconi, aliyekuwa amenunua klabu mwaka uliotangulia ikiwa taabani kwa madeni, alimleta Arrigo Sacchi kutoka Parma, ambayo wakati huo ilikuwa Serie B. Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Waitaliano walikuwa wamezoea kukaba mtu kwa mtu na kumwacha libero nyuma afagie. Sacchi akasema hapana: tunakaba eneo, mabeki wanne mstari mmoja, tunapanda pamoja na kushuka pamoja, na kutoka beki wa mwisho mpaka straika wetu isizidi kama mita 25. Uwanja unaubana mpaka mpinzani anakosa pumzi.

Kwa Baresi maana yake ni kwamba kazi yake, ile ya libero aliyoifanya miaka tisa, ilifutwa. Sacchi alimwonyesha video za Gianluca Signorini, beki wake wa Parma, ili aone mstari unavyopandishwa. Nahodha wa Milan, beki wa timu ya taifa, anaonyeshwa mkanda wa beki wa Serie B. Wapo wachezaji ambao hapo wangenuna msimu mzima. Yeye aliusoma mkanda.

Mazoezini Sacchi alikuwa na zoezi moja analolipenda sana: kipa na mabeki wanne waliopangika dhidi ya washambuliaji kumi, wakina Gullit na van Basten, dakika 15. Sharti lilikuwa moja, mabeki wakinyang'anya mpira, washambuliaji waanze upya kutoka nyuma ya nusu ya uwanja. Sacchi mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba wale kumi hawakuwahi kufunga.

Msimu wa kwanza wa mfumo huo, 1987-88, Milan ikachukua ubingwa ikiwa imefungwa mabao 14 tu katika mechi 30. Msimu uliofuata ikaipiga Real Madrid 5-0 pale San Siro kwenye nusu fainali ya Kombe la Ulaya, kisha Steaua Bucharest 4-0 kwenye fainali Barcelona. Mwaka 1990 ikalitetea kombe dhidi ya Benfica, 1-0. Kura za Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, za 1989: wa kwanza Marco van Basten, wa pili Franco Baresi, wa tatu Frank Rijkaard. Wote watatu wa Milan, na wa pili ni beki.

#4 – Mchangiaji, Morogoro

Mleta uzi umenigusa. Nacheza beki wa kati kwenye ligi ya wilaya, nina kimo cha kawaida tu, na kocha wangu wa zamani aliniambia wazi kwamba urefu wangu ni wa winga. Huyu Baresi alikuwa na urefu gani? Na ule mstari alikuwa anaupandisha saa ngapi? Maana sisi tukijaribu tunapigwa goli la wazi.

#5 – Mleta uzi

Mdogo wangu, Baresi alikuwa na sentimita 176. Van Basten, aliyekuwa anapambana naye kila siku mazoezini, alikuwa na 188.

Swali la saa ngapi ndilo swali lenyewe. Rudia kutazama, na safari hii usitazame mpira, mtazame yeye. Mkono haupandi pasi inapopigwa, unakuwa umeshapanda. Yeye alikuwa anamtazama mwenye mpira. Mwenye mpira akiwa huru, kichwa juu, anaona mbele, mstari unarudi nyuma. Mwenye mpira akibanwa, akigeuza mgongo, akiinamisha kichwa kuutafuta mpira miguuni, hapo hapo wote wanne wanachomoka. Ile nukta ya kuinamisha kichwa ndiyo saa yenyewe. Nyie mnapigwa goli la wazi kwa sababu mnapanda wakati kiungo wenu hajambana mwenye mpira. Mtego wa kuotea unaanzia kwa mshambuliaji wenu, unamalizikia kwenu.

Ongeza na sheria ya wakati ule. Mpaka 1990, mshambuliaji akiwa sambamba na beki wa pili kutoka mwisho alihesabiwa ameotea. Mwaka huo ikabadilishwa, sambamba ikawa halali. Wengi walitarajia mtego wa Milan ungevunjika. Haukuvunjika. Mwaka 1992 ikaja sheria ya kipa kutodaka pasi ya miguu ya mwenzake, mabeki wengi wakaanza kubutua mipira nje. Baresi alikuwa amecheza libero miaka yote ile, mguu wake ulikuwa wa kiungo. Yeye akawa anatoka na mpira mwenyewe, kichwa juu, anapita katikati. Msimu wa 1989-90 aliongoza kwa mabao Coppa Italia. Beki!

Chini ya Fabio Capello, aliyempokea Sacchi, Milan ilicheza mechi 58 za ligi bila kupoteza kati ya 1991 na 1993. Msimu wa 1993-94 iliruhusu mabao 15 katika mechi 34, na kipa Sebastiano Rossi alikaa dakika 929 mfululizo bila kufungwa. Timu yenyewe ilifunga mabao 36 tu, na ikawa bingwa. Huo ubingwa ni wa mabeki, na hawa ndio nawaandika kwa utaratibu wao: Tassotti, Costacurta, Baresi, Maldini.

#6 – Mchangiaji, Dar

Nakubali yote, lakini tusifunike kombe. Fainali kubwa kuliko zote maishani mwake, alipewa penalti ya kwanza, akapaisha. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

#7 – Mleta uzi

Ni kweli, na ndiyo maana nataka tuisimulie yote badala ya sekunde zile tatu.

Mwaka 1994, Marekani. Italia inafundishwa na Sacchi yule yule, nahodha Baresi, umri miaka 34. Mechi ya kwanza wanafungwa na Ireland 1-0. Mechi ya pili, tarehe 23 Juni dhidi ya Norway, kipa Pagliuca anapewa kadi nyekundu mapema, Sacchi anamtoa Roberto Baggio ili kuingiza kipa mwingine. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Baresi anaanguka, goti. Gegedu limechanika. Italia inashinda 1-0 ikiwa pungufu, lakini nahodha anapelekwa kufanyiwa upasuaji. Kwa kawaida hapo mashindano yamekwisha, unarudi nyumbani.

Italia ikasonga kwa tabu. Wengi wetu wa Afrika tunaikumbuka ile ya Nigeria tarehe 5 Julai. Kwetu Unguja ilianza saa mbili usiku, nilikuwa na miaka 11, tumejaa sebuleni kwa jirani, watoto tumekaa chini kwenye mkeka. Amunike kafunga dakika ya 25, tukahesabu dakika mpaka ya 88, Baggio akasawazisha, kisha penalti ya muda wa nyongeza. Nililala bila kula. Kwa hiyo mnielewe, siku ya fainali mimi nilikuwa Brazil kuliko Wabrazil.

Fainali ilikuwa tarehe 17 Julai. Pasadena ilikuwa mchana wa jua kali, kwetu saa nne na nusu usiku. Costacurta ana kadi, hachezi. Tassotti kafungiwa mechi nane kwa kumpiga kiwiko Luis Enrique wa Hispania. Mstari wote wa Milan umebaki na Maldini. Na Sacchi anamrudisha Baresi, siku 24 tangu goti lichanike.

Mbele yake Romário na Bebeto, straika wawili waliokuwa moto kuliko wote duniani mwaka ule. Dakika 120, Brazil haikupata bao. Mimi mtoto niliyetaka Italia ipigwe, kila Romário akigeuka namwona huyu mzee wa namba 6 kashafika. Hakuwa anaruka, hakuwa anamvuta mtu jezi. Alikuwa amefika tu. Alitanguliza mguu, akaondoka na mpira. Kuna mahali kwenye muda wa nyongeza misuli ilimkaza, akalala chini, wakamnyoosha mguu, akainuka na kurudi kwenye mstari.

Kisha matuta. Nani apige la kwanza? Waliokuwa wazima walikuwapo. Miaka minne kabla, Napoli, nusu fainali dhidi ya Argentina, la kwanza la Italia lilikuwa lake na alifunga. Safari hii tena akaenda yeye, na mguu ambao dakika chache nyuma ulikuwa umekaza. Mpira ukapita juu. Baresi akapiga magoti, akaufunika uso kwa mikono.

Ilikuwa inakaribia saa saba za usiku. Sebule nzima ilishangilia. Mimi nakumbuka sikushangilia, na sikuweza kueleza kwa nini. Baba wa nyumba ile, mzee wa makamo aliyekuwa kimya tangu mpira uanze, alisema "masikini" mara moja, akanyamaza tena. Pagliuca akapangua la Márcio Santos, kwa hiyo lile kosa lilikuwa limeshalipwa. Massaro akakosa, na Baggio akapaisha la mwisho. Baresi alilia pale uwanjani bila kujificha.

Ndiyo historia yake, mkuu, sikatai. Lakini mtu akitaja penalti, ataje na goti.

#8 – Mchangiaji, Mombasa

Heshima mleta uzi. Nyongeza ndogo: ile 4-0 dhidi ya Barcelona ya kocha Cruyff, Athens Mei 1994, ambayo watu husema ni mechi bora ya Milan hii, Baresi hakuwepo. Yeye na Costacurta walikuwa wamefungiwa kwa kadi.

#9 – Mleta uzi

Sahihi kabisa, ndugu yangu, na asante kwa kuliweka. Siku hiyo Maldini aliletwa katikati na Filippo Galli, Tassotti ndiye aliyekuwa nahodha. Wengine watasema hiyo inaonyesha Milan iliweza bila yeye. Mimi naona mstari ule ulikuwa umeshafundishwa kiasi kwamba ulijiendesha wenyewe. Pia alipoteza fainali mbili za Ulaya, 1993 kwa Marseille na 1995 kwa Ajax, zote 1-0. Na mwaka 1986 Bearzot alimwacha nyumbani na kumchukua kaka yake, Giuseppe. Njia yake haikuwa nyororo hata kidogo.

Mechi ya 81 na ya mwisho ya timu ya taifa aliicheza Septemba 1994. Milan akaendelea mpaka 1997, ubingwa wake wa sita ukiwa wa 1996. Misimu ishirini, klabu moja, miwili kati ya hiyo Serie B. Baada ya hapo alikaa muda mfupi Fulham ya Uingereza kama mkurugenzi, akarudi Milan kufundisha vijana.

Nimalizie na jezi, kwa kuwa kuna aliyeniuliza inbox. Miaka mingi Italia hawakuwa na namba za kudumu. Kila mechi walioanza walivaa 1 mpaka 11, na 6 ilikuwa ya libero. Namba za kudumu zenye majina mgongoni zilianza Serie A msimu wa 1995-96. Kwa hiyo Baresi, ambaye kila mtu anamjua kwa namba 6, aliivaa kwa kuandikishwa rasmi misimu miwili tu. Alipostaafu Milan wakaiondoa. Ukichukua orodha ya kikosi chao cha msimu wowote tangu hapo, ukisoma kuanzia juu mpaka chini, 6 hutaikuta.